Semei Kakungulu: Mkuu wa Vita Aliyeacha Nyumba ya Sala



Katika gazeti letu tumezoea kuandika maisha ya watu wakubwa waliokwisha kufa, kusudi kila msomaji aokote kitu cha kumsaidia. Safari hii tumechagua mtu wa nchi jirani, Uganda. Jina lake Semei Kakungulu. Labda wengine wenu mmelisikia katika somo la historia, pale mwalimu anapoeleza namna Waingereza walivyoitwaa Uganda. Lakini historia ya darasani inamwachia njiani, katikati ya vita. Sisi tunataka kumfuata mpaka mwisho, mpaka chini ya mlima Elgon, mahali alipoacha kusanyiko la waumini ambalo liko hai hata leo.

Kusanyiko lile si la Waprotestanti wala la Wakatoliki. Ni la Wayahudi. Mwafrika aliyebatizwa katika kanisa la Waprotestanti alijitangaza kuwa Myahudi kwa kusoma Biblia tu, kabla Myahudi yeyote hajafika kumfundisha. Jambo hilo peke yake lingetosha kuandikwa. Lakini sisi tulikuwa na swali lingine. Watu wanaosali pamoja wanamfanyia nini mgonjwa, yatima, mgeni na mwenye njaa? Je, sala yao inatoka mlangoni, au inabaki ndani ya nyumba? Maisha ya Kakungulu na ya watoto wake wa imani yanajibu swali hilo vizuri, maana ndani yake mna mema, na mna mabaya pia.

KUZALIWA NA UJANA

Kakungulu alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Koki, ufalme mdogo uliokuwa kusini-magharibi ya Buganda. Alikuwa kijana wakati wamisionari Waprotestanti na Wakatoliki walipokuwa wameingia Buganda, na Waarabu walikuwa wametangulia na Uislamu. Wakati ule kujua kusoma kulikuwa mlango wa cheo. Vijana wa nyumba ya mfalme walijifunza herufi na dini pamoja. Kakungulu naye akajifunza, akabatizwa na Waprotestanti, akapewa jina la Semei.

Alikuwa mwindaji hodari wa tembo. Pembe zilikuwa mali ya Kabaka Mwanga, na mwindaji mwenye bunduki na watu nyuma yake hakuwa mtu mdogo. Basi vita vya dini vilipoanza Buganda mwaka 1888, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wakipigania kiti cha ufalme, Kakungulu alikuwa amekwisha kuwa tayari. Akawa mmoja wa majemadari wakubwa wa upande wa Waprotestanti. Tuseme wazi: watu waliokuwa wanasoma Injili ileile walikuwa wanauana. Tusipite haraka hapo, sababu hata sisi wa Kivu tunajua watu wanavyoweza kuimba pamoja siku ya Mungu na kuchukiana siku ya pili.

CHEO NA VITA

Kakungulu alipanda juu upesi. Alioa binti wa ukoo wa mfalme. Alipewa kutawala sehemu kubwa ya nchi huko Bugerere. Lakini mbele yake alisimama mtu mwingine mwenye nguvu, Apolo Kagwa, waziri mkuu wa Buganda, Mprotestanti kama yeye. Wafahali wawili, zizi moja. Kagwa akabaki na mji mkuu, Kakungulu akatafuta bahati yake mashariki.

Waingereza waliona haraka kwamba mtu huyu angewafaa. Mwezi wa nne mwaka 1899 askari wake walikuwamo katika msafara uliowakamata wafalme wawili waliokuwa wanawapinga Wazungu: Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Wote wawili walipelekwa mbali, visiwa vya Seychelles, na Mwanga akafia kule mwaka 1903. Kiisha Kakungulu alipewa ruhusa ya kuingia nchi za mashariki, ambazo Waganda waliziita Bukedi. Akaenda na askari wake, akajenga ngome, akakata barabara, akapanda migomba, akaweka machifu wa Kiganda juu ya makabila ambayo hayakuwaita. Kwa Waingereza ilikuwa kazi nzuri tena ya bei rahisi. Kwa wenyeji waliochomewa vijiji na kunyang'anywa ng'ombe, haikuwa hivyo hata kidogo.

Yeye mwenyewe alitumaini kwamba Waingereza watamfanya mfalme wa nchi ile aliyowatekea. Wapi! Walipoona nchi imetulia, walimpunguza. Ngome yake ya Budaka ikatwaliwa. Akaachiwa eneo chini ya mlima Elgon, na huko, pamoja na watu wake, akaanza makao ambayo yamekuwa mji wa Mbale. Mwaka 1906 wakamhamisha tena, wakampeleka Busoga kuwa rais wa baraza la machifu. Mwaka 1913 kazi hiyo nayo ikaisha. Akarudi Mbale akiwa mtu wa miaka zaidi ya arobaini, mwenye jina kubwa na mikono mitupu.

DINI ILIYOKATAA DAWA

Mtu aliyenyimwa kitu alichotumaini anaweza kufanya mambo mawili: kukaa na uchungu, au kuuliza maisha yake yalikuwa ya nini. Kakungulu alirudia Biblia. Mwaka 1914 kulitokea Buganda dini mpya ya watu walioitwa Bamalaki, kwa jina la mwalimu wao Malaki Musajjakawa. Waliamini Mungu mmoja mwenye kuweza yote. Walishika Sabato siku ya posho. Tena walikataa madawa yote. Walisema kwamba mwenye kuponya ni Mungu tu, na anayekwenda kwa daktari ameonyesha kwamba hamwamini.

Kakungulu aliingia katika dini hiyo. Yeye na wenzake wakagombana na serikali juu ya madawa na chanjo. Tunaweza kuelewa kidogo hasira yao. Chanjo ilikuja mkononi mwa serikali ileile iliyomdanganya, na mtu aliyedanganywa mara moja anaogopa hata zawadi. Lakini kuelewa si kukubali. Magonjwa hayaangalii siasa. Mtoto mwenye homa hajui kwamba baba yake amekosana na mtawala. Hapa tunaona upande wa kwanza wa jibu la swali letu: imani inaweza kumfunga mtu mikono mbele ya mgonjwa, huku akifikiri kwamba anamheshimu Mungu.

MWAKA 1919

Biblia nzima ilikuwa imepatikana kwa Kiganda tangu mwaka 1896, na Kakungulu alikuwa msomaji wa kweli, si wa kupindua kurasa. Kadiri alivyosoma vitabu vitano vya Musa, ndivyo alivyozidi kuona kwamba amri zile hazikufutwa. Alipofika kwenye agano la Abrahamu, aliona kwamba tohara ni alama isiyoachwa. Bamalaki wakamkataza. Walimwambia kwamba tohara ni ya Wayahudi. Yeye akawajibu kwamba, kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, akajitenga nao. Akakaa Gangama, mahali karibu na Mbale, chini ya Elgon, na watu waliomfuata wakaitwa Abayudaya, maana yake kwa Kiganda watu wa Yuda.

Mwanzoni dini yao ilikuwa imechanganyika. Walishika amri za Musa, lakini bado walikuwa na mambo ya Kikristo, hata ubatizo. Mwaka 1920 akafika kwao Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosef tu. Alikaa miezi kama sita. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja na kula, namna ya kushika Sabato, na sala. Tena aliwashauri wafungue masomo, kusudi waliojua wawafundishe wasiojua. Kakungulu akafanya hivyo. Mwaka 1922 akapigisha chapa kitabu cha Kiganda cha kurasa kama 90, chenye sala na maagizo kwa waumini wake.

Angalieni jambo hili, wenzetu. Yosef hakuwaachia mali wala jengo. Aliwaachia mafundisho na namna ya kuyapitisha. Akaondoka, na kusanyiko likaendelea.

SADAKA NI HAKI

Sasa tuulize: katika vitabu vile vya Musa, Kakungulu alikuta nini juu ya kuwatunza wengine? Fungueni Walawi mlango wa 19 na Kumbukumbu la Torati mlango wa 24. Mwenye shamba anakatazwa kuvuna mpaka pembeni. Masuke yaliyoanguka na zabibu zilizobaki si zake tena. Ni za maskini, mgeni, yatima na mjane. Si kwamba akipenda atawapa. Ni kwamba haziko zake.

Juu ya mzizi huo Wayahudi wa ulimwengu wamejenga desturi zao za kujitolea. Wana neno tsedaka. Mnalisikia? Ni ndugu ya neno letu sadaka, sababu Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na Kiswahili kilipata neno hilo kwa Waarabu. Lakini kwa Kiebrania neno hilo lina mzizi mmoja na neno haki. Kwa hiyo mwenye kutoa hakufanya jambo la kupigiwa makofi, alilipa deni.

Walimu wao wa zamani waliweka pia utaratibu. Kila mji ulitakiwa kuwa na mfuko wa maskini wa mahali, unaogawanywa kila juma, na chakula cha kila siku kwa mpita njia mwenye njaa. Franga za mfuko zinakusanywa na watu wasiopungua wawili, zinagawanywa na watatu. Juu ya nini? Kusudi asiwepo mtu mmoja wa kushika mali ya maskini peke yake, wala asiwepo wa kushukiwa bure. Kumtembelea mgonjwa nako ni wajibu wa kila mtu, tajiri na maskini, mkubwa na mdogo. Kanuni hizo za walimu hazimo ndani ya vitabu vitano vya Musa, lakini mzizi wake umo, na mzizi huo Kakungulu aliusoma. Alikuwa ameishi miaka mingi akichukua vya watu. Sasa alikuwa anafundisha kitabu kinachosema pembe ya shamba si yako.

KUFA KWAKE, NA YALIYOFUATA

Kakungulu alifariki tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1928, akazikwa kulekule Gangama. Hakuwa mfalme. Waingereza waliomtumia hawakumwekea kiti. Wengi wangesema kwamba kusanyiko lake litakufa naye, maana lilikuwa limesimama juu ya jina la mtu mmoja mkubwa. Kweli lilitikisika. Wengine walirudi kwenye Ukristo, wengine waligombana juu ya namna ya kushika dini. Lakini wazee wachache, na kati yao Samson Mugombe, waliendelea kufundisha.

Jaribu kubwa lilikuja wakati wa Idi Amin, kutoka 1971 mpaka 1979. Dini yao ilikatazwa, sinagogi zikafungwa. Wengi wakabadili dini kwa woga. Waliobaki walisali kwa siri. Kampala ilipotekwa na majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa pamoja nao, ilikuwa tarehe 11 mwezi wa 4 mwaka 1979, na jioni ileile ilikuwa mwanzo wa Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya kutoka utumwani. Abayudaya hawajaisahau tarehe hiyo. Lakini walipohesabiana, walikuta wamebaki mamia machache tu.

Hapa ndipo vijana wanapoingia, na tunaomba wanafunzi wasome kwa makini. Katika miaka ya 1980 si wazee wenye mali waliolisimamisha tena kusanyiko. Ni vijana, wengi wao wa umri wetu au zaidi kidogo. Walikusanyika kwenye kilima cha Nabugoye, wakakaa pamoja, wakalima pamoja, wakafundishana sala na Kiebrania. Hakuna aliyewalipa. Kati yao alikuwamo Gershom Sizomu, wa ukoo wa Mugombe, ambaye mwaka 2008 aliwekewa mikono kuwa rabi baada ya kusoma Marekani. Kabla ya hapo, mwaka 2002, mamia ya Abayudaya walikuwa wamepokewa rasmi na marabi waliotoka nje.

Kiisha kujisimamisha wenyewe, walifungua mlango. Masomo yao ya msingi ya Hadassah, na ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, yalipokea watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu. Mwaka 2004 mkulima wao J. J. Keki alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaita majirani wa dini zote tatu wauze kahawa yao pamoja. Chama hicho walikiita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Keki alikuwa New York siku ile ya mashambulizi ya mwezi wa 9 mwaka 2001, na alirudi nyumbani na wazo kwamba watu wa dini mbalimbali wasiofanya kazi pamoja watakuja kuuana. Sisi tunaotoka katika nchi ya kahawa, kutoka Kalehe mpaka Idjwi, tunajua mkulima mmoja mwenye gunia moja hana sauti mbele ya mnunuzi.

Halafu, mwaka 2010, jamii hiyo ikafungua kituo cha afya mjini Mbale. Kinaitwa Tobin. Kilifunguliwa kwa ajili ya kila mgonjwa, awe wa dini gani. Hebu tusimame hapo. Kusanyiko la mtu aliyetoka kwa Bamalaki, waliokataa madawa na chanjo, ndilo hilo lililofungua nyumba ya madawa. Watoto walimheshimu baba yao, jina lake wakaliweka juu ya masomo yao, lakini kosa lake hawakulirithi.

TUNAMPIMAJE?

Wengine katika darasa letu walisema kwamba mtu aliyechoma vijiji hafai kuandikwa katika gazeti la masomo ya Kikristo, tena aliyeacha imani yetu. Tumejadiliana sana. Sisi hatumwandiki kwa sababu alikuwa mtakatifu. Hatukubali aliyoyatenda Bukedi, na juu ya Yesu hatuko pamoja naye. Tunamwandika kwa sababu maisha yake yanaonyesha tofauti ya vitu viwili. Vyote alivyotwaa kwa bunduki vilitwaliwa tena na wenye bunduki kubwa zaidi. Alichokifundisha kwa kitabu, watu wakakichukua, wakakisahihisha, wakakifanya kiwe kikubwa kuliko yeye.

Tena yanaonyesha kwamba nyumba ya sala haihesabiwi kwa sala tu. Hapa kwetu tunayo mifano. Hospitali ya Panzi, kule Bukavu, ilianza mwaka 1999 mkononi mwa kanisa la Kiprotestanti na daktari mtoto wa pastori, Denis Mukwege, na mlangoni pake hakuna anayeulizwa kwanza anasali wapi. Elgon na Panzi ni mbali, lakini mlango ni mmoja.

Sisi wa Nyangezi tunajua salongo. Tunalima barabara, tunasafisha mitaro, mara nyingi kwa sababu tukikosa tutaadhibiwa. Hiyo ni kazi nzuri, lakini si kujitolea bado. Kujitolea kunaanza pale ambapo hakuna anayekusukuma. Barabara ya kwenda Uvira inapita mbele yetu, na mara nyingi tumeiona ikileta watu wenye magodoro kichwani. Mwenzetu akiugua nyumbani, ni wangapi wanaokwenda kumtazama na kumnakilia masomo katika daftari lake? Mfuko wa darasa wa kusaidia waliofiwa, unashikwa na mtu mmoja au watatu? Aliyekosa karo anaachwa aone haya peke yake?

Hayo ndiyo maswali tunayowaachia kwa mkutano wa vijana wa juma lijalo. Kila darasa lije na jibu moja la kazi, si la maneno: mgonjwa gani atatembelewa, na nani, siku gani. Tunaomba kila jina liandikwe, na pembeni yake jina la pili, kusudi asiwepo wa kwenda peke yake wala wa kujisifu peke yake.

 

Sisi wenzenu wa kamati ya gazeti